Mtafiti anapokabidhiwa kengele

RUSIZI, Rwanda – Mama anayevuka daraja la Rusizi II na ndoo mbili za nyanya hana muda wa kusikiliza habari za mitetemo ya ardhi. Kabla jua halijawa kali anataka kujua foleni ya jetoni ina watu wangapi, dola leo inauzwa kwa franka ngapi za Kongo, na kama bei ya jana bado ipo upande wa Bukavu. Nyanya haimsubiri mtu. Ikilala usiku mmoja bila mnunuzi, faida imeondoka. Ikilala siku mbili, mtaji unafuata.

Hata hivyo, zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni safari za watu wa Kivu zimeamuliwa na mtu ambaye hawajawahi kumwona. Ni mtu aliyesoma fizikia, jiolojia au elimu ya vijidudu, akidhani ataishi kati ya vitabu na vipimo, kisha siku moja akajikuta mbele ya gavana au waziri akiulizwa swali ambalo hakuna mtihani wa chuo uliowahi kumuuliza: tufunge au tusifunge? Watu wahame au wabaki?

Katika nyaraka za ofisi kazi hiyo huitwa usimamizi wa vihatarishi. Ni maneno ya semina, na pengine ndiyo maana watu wa sokoni hawayatumii. Lakini kuzunguka Ziwa Kivu kazi hiyo ina historia yake, ina majina ya watu, na ina tarehe ambazo wafanyabiashara wa pande zote mbili wanazikumbuka kuliko sikukuu. Wachache waliifikia kwa kupanga. Wengi walisukumwa na mlima, ziwa au ugonjwa.

Kutoka Lwiro hadi Goma

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini kwa barabara ya Kavumu, kilomita 40 hivi, utakuta Lwiro, katika eneo la Kabare. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti huko mwaka 1947, ikaitwa IRSAC. Leo inajulikana kama CRSN. Watu wa Lwiro walichunguza mimea, wadudu, nyani, lishe ya watoto na matetemeko ya ardhi. Kazi ilikuwa kupima, kuandika na kuhifadhi. Mtafiti akikosea alisahihishwa na mtafiti mwenzake baada ya miaka miwili, mezani, bila mtu kufa.

Mwaka 1986 Lwiro ilifungua kituo Goma, chini ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira. Kituo hicho ndicho kilichokuwa OVG, Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma. Hapo asili ya kazi ikabadilika, ingawa huenda wenyewe hawakulitambua mara moja. Mlima unaouangalia ukiwa na mji miguuni pake hauwi somo tu.

Dieudonné Wafula ni miongoni mwa wanasayansi wa Kongo waliopita njia hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2001 na siku za mwanzo za 2002, yeye na wenzake walikuwa na mitambo miwili tu ya kupimia mitetemo iliyokuwa ikifanya kazi. Kwa mitambo hiyo miwili, na kwa macho yao wenyewe yaliyoona moshi na nyufa, walitambua kwamba Nyiragongo haikuwa katika hali yake ya kawaida. Wafula alitoa tahadhari. Lakini Goma wakati huo ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, nchi ilikuwa vitani, na tahadhari ya mtaalamu haikuwa na mlango wa kubisha.

Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa mlima ulipasuka. Lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Watu kati ya laki tatu na laki nne walikimbia, wengi wao wakivuka kuingia Gisenyi kwa miguu. Baadhi ya waliokufa hawakuuawa na lava yenyewe bali na mlipuko wa kituo cha mafuta, walipokuwa wamerudi mjini wakati moto ungali unawaka.

Kisayansi, Wafula alikuwa amefaulu. Dalili alizoziona zilikuwa dalili kweli, na makala zilizoandikwa baadaye zilithibitisha hivyo. Ila kati ya kuwa sahihi na mama mmoja wa Goma kubeba watoto wake mapema hapakuwa na daraja lolote. Baada ya hapo, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kituo kilipata vifaa zaidi, na kwenye njia panda za Goma vikawekwa vibao vya rangi: kijani kwa hali ya kawaida, njano kwa kukaa macho, machungwa kwa kujiandaa, nyekundu kwa kuondoka.

Rangi nne. Kwa mtafiti aliyezoea kurasa 20 za grafu na mashaka, hilo ni jambo la kuumiza. Hakuna rangi ya "inawezekana, lakini data hazitoshi". Lazima achague, na akishachagua watu wanafunga maduka au wanayafungua.

Dakika 40

Jumamosi jioni ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipasuka tena. Safari hii hapakuwa na onyo. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha Goma ulikuwa umemalizika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa wanasayansi walikosa hata intaneti ya kupokelea vipimo kutoka mlimani. Ni rahisi kuhitimisha kwamba fedha zingekuwepo, onyo lingekuwepo. Wengi walihitimisha hivyo.

Lakini utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha picha ngumu zaidi. Dalili zilizoweza kutambulika zilianza takriban dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Dakika 40 zinaweza kuishia kwenye foleni ya jetoni. Hata kituo chenye fedha na mitambo yote kingekuwa na muda wa kupiga simu chache, basi. Hapo mtafiti anaweza kusema mlima ulikuja bila taarifa na kufunga faili. Msimamizi wa vihatarishi hawezi. Kwake swali ndio kwanza linaanza: ikiwa mlima huu unaweza kuja kwa dakika 40, barabara za kutokea ziko wapi, nani ana ufunguo wa king'ora, na kivuko cha mpakani kitafunguliwa na nani usiku?

Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha katika siku hizo. Kisha ukaja mtihani wa pili. Magma ilikuwa imejipenyeza ardhini kuelekea kusini, chini ya mji wa Goma na chini ya ziwa lenyewe. Ardhi ilitetemeka mfululizo, nyufa zikaonekana barabarani, Goma na Rubavu. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Watu wapatao laki nne waliondoka: wengine Rubavu, wengine Sake, wengine Minova, na wengine wakapanda maboti hadi Bukavu.

Lava haikutoka tena. Kuanzia 7 Juni watu wakaruhusiwa kurudi.

Je, walioshauri mji uhame walikosea? Kwa kipimo cha maabara, lililohofiwa halikutokea. Kwa kipimo cha kazi yao mpya, jibu ni jingine. Magma ilikuwa kweli chini ya mji, karibu na uso wa ardhi, na karibu na ziwa lenye gesi. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba ingebaki huko. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, hata kama mlima haukutoa ushahidi wa kuutetea. Mtu anayetoka kwenye utafiti huchukua muda kulimeza hilo: kwamba uamuzi unaweza kuwa mzuri na matokeo yasiufuate, na kwamba mwingine unaweza kuwa mbaya ukaokolewa na bahati.

Wafanyabiashara wanalijua hilo bila kwenda chuo. Aliyepeleka mayai yote kwa pikipiki moja yakafika salama hakuwa na akili. Alikuwa na bahati.

Ziwa lililobadilisha kazi za watu

Maji yanayopita chini ya daraja la Rusizi II yametoka Ziwa Kivu na yanakwenda Tanganyika. Kwa macho ni maji tu. Lakini ziwa yanakotoka, lenye kina cha mita 485, limehifadhi chini kabisa gesi inayokadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 300 za hewa ukaa na bilioni 60 za methani. Gesi hiyo imeyeyuka majini na imekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, kama soda ambayo haijafunguliwa.

Ulimwengu ulijua maana ya soda hiyo kufunguka tarehe 21 Agosti 1986, Kameruni. Ziwa Nyos, dogo kabisa likilinganishwa na Kivu, lilitoa wingu la hewa ukaa usiku, likateremka mabondeni na kuwakosesha pumzi watu wapatao 1,700 na maelfu ya mifugo. Hapakuwa na moto wala mafuriko.

Miaka kumi hivi kabla ya Nyos, katikati ya miaka ya 1970, mwanajiofizikia wa Kijerumani Klaus Tietze alikuwa amepima gesi ya Kivu kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu. Ilikuwa kazi ya kijana anayetafuta shahada. Baada ya Nyos vipimo vile vikawa msingi wa swali la maisha ya zaidi ya watu milioni mbili wanaoishi kandokando ya ziwa. Mwaka 2009 Tietze alikuwa mmoja wa wataalamu walioandika masharti ya kuchimba gesi hiyo: maji yavutwe kutoka kina gani, yakishatolewa gesi yarudishwe kina gani, ili tabaka nzito zinazoifunika gesi zisivurugwe. Jina lake ni lile lile la kwenye tasnifu, lakini mikononi mwake si andiko la kuthibitisha jambo tena. Ni andiko la kumwambia mwekezaji asichoruhusiwa kufanya.

Rwanda ilianzisha mpango wake wa kufuatilia ziwa mwaka 2008, unaojulikana kwa kifupi kama LKMP, ambao baadaye uliwekwa chini ya mamlaka ya mazingira, REMA. Kati ya waliopitia humo ni Natacha Pasche, Mswisi aliyefanya uzamivu wake juu ya virutubisho na methani ya Kivu, kisha akaja kuufanyia kazi mpango huo nchini Rwanda. Kituo cha KivuWatt, upande wa Karongi, kilianza kuzalisha megawati 26 kwa gesi ya ziwa mwishoni mwa 2015. Kila maji yanaporudishwa ziwani, kuna mtu wa kupima kama yamerudi mahali pake. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na ugunduzi. Mtafiti hulipwa sifa kwa kukuta jambo jipya. Anayelinda ziwa hushukuru siku ikipita bila jipya.

Kuna kisa kimoja cha ziwa hili kinachoonyesha tofauti ya kazi hizi mbili kuliko kingine chochote. Mwaka 2005 watafiti walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba methani imeongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 tangu vipimo vya miaka ya 1970, na kwamba ikiendelea hivyo ziwa linaweza kufikia kiwango cha hatari ndani ya karne hii. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Fabian Bärenbold, ikiwa imelinganisha mbinu mbalimbali za upimaji, ilitangaza kwamba ongezeko hilo halikuonekana. Gesi iko karibu pale pale ilipokuwa zama za Tietze.

Kwa sayansi, hiyo ni siku njema: kosa limesahihishwa. Lakini fikiria aliyekuwa akipanga usalama wa ziwa kati ya 2005 na 2020. Miaka 15 alilazimika kufanya kazi kana kwamba hatari inakua. Je, alidanganywa? Hapana. Alitumia kipimo bora kilichokuwepo, akaweka akiba ya tahadhari, na kipimo kilipobadilika akabadilika nacho. Asiyeweza kuishi hivyo ni afadhali abaki maabara, na si aibu.

Kwa watu wa Rusizi na Bukavu kuna jambo moja lisilosemwa vya kutosha. Ghuba ya Bukavu ina kina cha mita 100 hivi tu. Gesi nyingi iko kaskazini zaidi, katika bonde kuu la ziwa, chini ya mita 260. Haina maana kwamba upande huu uko salama kwa lolote. Ina maana kwamba mtu akisikia uvumi wa "ziwa linalipuka" hapa kusini, ana haki ya kuuliza: ziwa lipi, kina gani, nani amepima?

Ardhi yenyewe

Hatari iliyo karibu zaidi na Rusizi II haitoki ziwani. Jumapili asubuhi ya 3 Februari 2008, watu wakiwa ibadani, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukavu na wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Zaidi ya watu 30 walikufa upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa kanisani, na wengine Bukavu. Tetemeko halitabiriki siku wala saa. Hakuna anayeweza, si Kongo, si Japani. Hapa mtaalamu hana kengele ya kupiga. Alicho nacho ni ramani na kanuni ya ujenzi, na ushawishi wowote alionao kwa fundi anayetaka kupunguza nondo.

Na Bukavu kuna jambo linalokwenda polepole zaidi. Sehemu ya mji iitwayo Funu imejengwa juu ya poromoko kubwa la ardhi linalosogea bado, na makumi ya maelfu ya watu wanalala juu yake kila usiku. Watafiti wa Kongo na Ubelgiji walifuatilia mwendo wake kwa picha za miaka 70, na mwaka 2022 wakaonyesha katika jarida la Nature Geoscience kwamba kujaa kwa nyumba kumebadilisha kasi yake: maji ya mvua na ya matumizi yanapotelea mle mle ardhini badala ya kutiririka kwenye mitaro. Wengi wanaopokea mizigo kutoka Rusizi II wanaishi au wana stoo katika vilima vya aina hiyo.

Andiko kama hilo likichapishwa, mtafiti amemaliza. Kwa msimamizi, mwaka wa kwanza ndio huo. Huwezi kuhamisha watu wote wa Funu. Unaweza kuchimba mitaro, kurekebisha mabomba, kukataa kibali cha ghorofa. Ni kazi ya mikutano ya mitaa, si ya setelaiti.

Muyembe na njia za panya

Kwa wengi mpakani, mwanasayansi wa kwanza kuyagusa maisha yao hakuwa wa volkano. Alikuwa na kipimajoto.

Jean-Jacques Muyembe ni mtaalamu wa vijidudu aliyefika Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipojitokeza kwa mara ya kwanza, na aliyeiongoza taasisi ya utafiti ya INRB mjini Kinshasa kwa miaka mingi. Tarehe 17 Julai 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Kongo kuwa dharura ya kimataifa. Siku chache baadaye Rais Félix Tshisekedi alimkabidhi Muyembe uongozi wa mapambano yote. Mwezi Agosti zikatoka habari mbili kwa wakati mmoja: dawa mbili, moja ikiwa imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, zilionyesha kuokoa maisha, na wagonjwa walikuwa wamepatikana Mwenga, Kivu Kusini. Mtafiti alikuwa na ushindi wa maisha yake. Msimamizi alikuwa na ugonjwa uliohamia jimbo jipya, kwenye barabara inayokuja Bukavu.

Shirika la Afya lilishauri mipaka isifungwe, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa sababu wengi waliidhani ni siasa. Ukifunga lango, biashara haikomi. Inahamia njia za panya, ambako hakuna ndoo ya maji ya klorini wala mtu wa kupima joto. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa kwa saa chache kisha ukafunguliwa.

Virusi vya korona vilipofika mwaka uliofuata, mambo yalikuwa mazito zaidi. Rwanda ilifunga mipaka yake kwa watu mwezi Machi 2020, na Juni wilaya ya Rusizi iliwekewa tena vizuizi vya peke yake baada ya maambukizi yaliyohusishwa na uvukaji. Malori ya mizigo yaliendelea kupita. Mama mwenye ndoo hakupita. Suluhisho lililopatikana halikutoka katika kitabu cha sayansi. Wafanyabiashara wadogo walikusanya mizigo yao pamoja, ikapandishwa kwenye lori moja, ikavuka bila wao, ikapokewa na wenzao upande wa pili. Wengine walilalamika, kwa haki, kwamba anayeuza bila kuonana na mnunuzi hupunjwa. Lakini nyanya zilifika.

Hilo ndilo somo ambalo mtafiti anayehamia kazi hii halipati chuoni. Amefundishwa kuogopa kosa la aina moja: kutangaza jambo ambalo halipo. Akianza kazi mpya anaogopa la pili: kunyamazia jambo lililopo. Kuna gharama ya tatu inayoanguka palepale lango linapofungwa, na haiandikwi kwenye ripoti yoyote kwa sababu anayeilipa hana stakabadhi. Ni mtaji wa mtu mmoja, labda mkopo wa kikundi, ulioozea upande mmoja wa mto.

Kazi inayotafuta watu

Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kinatoa wanajiolojia. Chuo Kikuu cha Rwanda kinatoa wanafizikia, wanajiografia na wanatakwimu. Nafasi za utafiti hazitoshi wote. Rwanda ina wizara nzima ya usimamizi wa dharura, MINEMA. Kuna REMA, kuna OVG, kuna kampuni za umeme zinazotegemea maji ya Rusizi na gesi ya ziwa, kuna Msalaba Mwekundu. Kuna pia benki na kampuni za bima, ambako aliyesoma hesabu za mitetemo hutakiwa kuhesabu uwezekano wa mkopo kutolipwa.

Huko benki ndiko wengi wanakokimbilia, kwa sababu ya mshahara, na hawalaumiwi. Lakini mtu anayepima kihatarishi cha mkopo akiwa hajawahi kusimama Rusizi II ataandika kwamba mfanyabiashara asiye na hati ya nyumba hakopesheki. Hataona likelemba ya Bukavu wala ikimina ya Rusizi, ambamo wanawake 20 wanadhaminiana kwa kufahamiana na ambamo anayekosa kulipa hujulikana kabla jua halijazama. Shirika la bima ya biashara la ATIDI, lenye makao Nairobi, huwakinga wawekezaji na wauzaji wakubwa dhidi ya vurugu za kisiasa. Mwenye ndoo mbili hana wa kumkinga. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 na benki zikafunga milango, ni vikundi hivyo na fedha zilizofungwa kwenye pindo la kitenge vilivyobaki.

Anayeingia katika kazi hii ajue pia kwamba ina mahakama. Mwaka 2012 wanasayansi sita wa Italia walihukumiwa kifungo pamoja na ofisa mmoja wa serikali, kwa jinsi wananchi wa L'Aquila walivyotulizwa kabla ya tetemeko la Aprili 2009 lililoua watu zaidi ya 300. Wanasayansi hao waliachiwa huru katika rufaa ya Novemba 2014. Wengi walisema walishitakiwa kwa kutotabiri, jambo lisilowezekana. Kiini cha kesi hata hivyo kilikuwa maneno: nani aliwaambia watu watulie, kwa idhini ya nani, na kwa nini waliojua zaidi walinyamaza wakati hayo yakisemwa.

Na kuna suala la lugha, ambalo hapa si dogo. Taarifa za volkano kutoka Goma huandikwa kwa Kifaransa. Ripoti za ziwa kutoka Kigali huandikwa kwa Kiingereza. Foleni ya Rusizi II inazungumza Kinyarwanda, Kimashi na Kiswahili, na habari huifikia kupitia simu ya dereva wa lori, jamaa aliye Goma, au sauti iliyosambazwa kwenye WhatsApp na mtu asiyejulikana. Tangu Julai 2022 Kongo na Rwanda zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imekipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Nusu ukurasa wa Kiswahili, wenye tarehe, jina la aliyeupima mlima na saa ya taarifa inayofuata, ungetosha kubandikwa kwenye ukuta wa uhamiaji, pande zote mbili za daraja, pale pale watu wanaposimama kusubiri jetoni.